Mswaki Mkavu wa Mama

Kwa miezi kadhaa mama yangu alikuwa akiniambia kila asubuhi kwamba amekwisha kupiga mswaki, nami kila asubuhi nilimwamini, kwa sababu mwanamke aliyetulea watoto watano katika nyumba ya Magomeni, na ambaye hakuna aliyetoka mlangoni kwake kwenda shule bila kukaguliwa meno na kucha, hakuwa mtu wa kusema uongo juu ya jambo hilo. Siku moja, nikiwa natafuta kitu kingine bafuni, niligusa mswaki wake nikaukuta mkavu kabisa, na mdomo wa tyubu ya dawa ya meno ulikuwa umeziba kwa dawa iliyoganda. Nilisimama pale kwa muda. Mama hakuwa amedanganya. Alikuwa akikumbuka kweli kupiga mswaki, isipokuwa asubuhi aliyoikumbuka haikuwa ya siku hiyo.

Alikuwa na umri wa miaka 78, na dalili nyingine tulikuwa tumeshaziona bila kuziita jina: swali moja lililoulizwa mara nne kabla chai haijapoa, sufuria iliyosahauliwa motoni, jina la mjukuu aliyelelewa naye nyumba moja likitafutwa kwa dakika nzima. Tulisema ni uzee, kama watu wengi wanavyosema. Ndugu walipokuja kumsalimu naye akawaitikia “marahaba” kwa sauti ileile ya siku zote, waliondoka wakisema mama yu mzima, na sisi tuliokuwa tukiishi naye tulinyamaza.

Lakini mswaki ule mkavu ulinirudisha nyuma zaidi ya miezi hiyo. Nilikumbuka kwamba tangu akiwa na miaka hamsini na kitu, mate aliyotema asubuhi yalikuwa mekundu. Sote tulijua. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akaepuka kuuma muwa upande wa kushoto, na meno yake mawili ya mbele chini yalipoanza kulegea alijifunza kula embe kwa kulikatakata vipande. Mara moja tu alikwenda kuonana na mtu wa meno, katika zahanati ambayo sitaitaja, akaambiwa kwamba kwa umri wake fizi lazima zichoke, na kwamba jino likizidi kusumbua arudi ling’olewe. Hakuna aliyemwambia kuwa fizi zenye afya hazitoi damu katika umri wowote. Sentensi hiyo ndogo niliisikia kwa mara ya kwanza miaka ishirini baadaye, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali pamoja naye, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachoweza kukisoma kuhusu fizi za wazee na akili zao.

Ugonjwa wenyewe huanza kimya. Juu ya jino, pale linapokutana na ufizi, hujengeka utando laini wa bakteria. Usipoondolewa kwa siku kadhaa huanza kuganda na kuwa ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi tena kuuondoa. Ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoa damu. Hatua hii bado inarekebishika. Kwa baadhi ya watu, hasa wavutaji wa sigara na wenye kisukari, ugonjwa huteremka: ufizi huachana na jino, katikati yake hutokea mfuko ambamo bakteria wasiopenda hewa hustawi, na mfupa unaoshika mzizi wa jino huliwa kidogo kidogo hadi jino lianze kucheza. Mara nyingi hakuna maumivu, na ndiyo maana mtu anaweza kuishi nao miaka ishirini kama alivyofanya mama. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Je, kidonda hicho cha kinywani kina uhusiano gani na kichwa? Watafiti wanaeleza njia kadhaa. Mifuko ya fizi ni jeraha lililo wazi, na mtu anapotafuna au kusugua meno, bakteria huingia katika damu. Mwili nao hujibu kwa kumwaga kemikali za mchochota, zilezile zinazovimbisha ufizi, nazo husambaa mwili mzima. Mchochota wa muda mrefu unafikiriwa kuamsha chembe za ulinzi zilizo ndani ya ubongo na kuzifanya ziharibu badala ya kulinda. Tena, mtu asiye na meno ya kutafunia huacha mboga, nyama na matunda magumu, akabaki na uji na mkate uliochovywa katika chai, na ubongo wake ukakosa lishe. Njia hizi hazipingani, na huenda katika mwili wa mtu mmoja zote zikawa zinafanya kazi kwa pamoja.

Mwezi Januari 2019 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliozungumzwa sana. Watafiti walisema wamekuta katika ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole, alama za bakteria Porphyromonas gingivalis, ambaye ni mmoja wa wahusika wakuu wa ugonjwa mkali wa fizi, pamoja na vimeng’enya vyake vya sumu viitwavyo jinjipeini. Panya walioambukizwa bakteria huyo kinywani walionekana baadaye kuwa naye ubongoni, na protini ya amiloidi, ile inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, iliongezeka. Niliposoma habari hizo nilihisi hasira, kwa sababu zilinifanya niamini kwamba akili ya mama yangu iliibwa na kitu ambacho kingeondolewa kwa kusafishwa meno mara mbili kwa mwaka.

Haikunipasa kuishia hapo, na msomaji naye asiishie hapo. Kampuni ya Marekani iliyokuwa nyuma ya utafiti huo ilitengeneza dawa ya kuzuia jinjipeini na kuijaribu kwa wagonjwa 643 wenye Alzheimer ya kiwango cha chini na cha kati. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwa jumla, dawa haikupunguza kasi ya ugonjwa. Jaribio moja kushindwa halifuti hoja nzima, kwa kuwa inawezekana wagonjwa walikuwa wamechelewa mno, lakini linamkataza mtu mwaminifu kusema kwamba bakteria wa fizi ndiye chanzo kilichothibitishwa cha ugonjwa wa kusahau. Na jopo la wataalamu la jarida la tiba la The Lancet, lililoorodhesha mwaka 2024 mambo 14 ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia yote duniani, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili kunakoletwa na Alzheimer na magonjwa mengine ya ubongo, halikuuweka ugonjwa wa fizi katika orodha hiyo.

Kinachobaki, hata hivyo, si kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwafuatilia kwa miezi sita wagonjwa wapatao 60 wenye Alzheimer, wakaona kwamba waliokuwa na ugonjwa wa fizi mwanzoni walishuka kiakili kwa kasi mara sita ya wenzao. Kundi hilo lilikuwa dogo, na mimi nisingejenga nyumba juu yake. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mashariki ya Finland walikusanya tafiti 47 na kuona kwamba fizi mbaya ziliambatana na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 23, wa kushuka kiakili, na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 21, ya kupata demensia. Wenyewe walionya kuwa tafiti nyingi kati ya hizo zilikuwa na kasoro za kupima. Asilimia 21 si hukumu ya kifo wala si jambo la kupuuzwa, na ndivyo ninavyojaribu kuibeba namba hiyo ninapozungumza na ndugu zangu, maana baada ya mama kuugua, dada yangu mkubwa alianza kuhesabu mapengo yake mwenyewe kwa hofu.

Kuna swali ambalo madaktari huliuliza kabla ya kukubali uhusiano wowote wa namna hii: kipi kilitangulia? Mabadiliko ya Alzheimer huanza katika ubongo miaka mingi, pengine zaidi ya kumi, kabla jamaa hawajaona lolote. Katika miaka hiyo mtu anaweza kuwa ameshaanza kulegeza mambo madogo, na miongoni mwa mambo madogo hayo ni mswaki wa usiku. Basi anapofika kwa mtafiti akiwa na fizi mbovu, na miaka mitano baadaye akapatikana na demensia, itaonekana kana kwamba fizi zilileta demensia, kumbe demensia iliyojificha ndiyo iliyoziharibu fizi. Kwa mama yangu ninaamini yote mawili yalitokea kwa zamu: fizi zilikuwa mbaya kwa miaka ishirini akili ikiwa kali, kisha akili ilipoanza kwenda ikaziachia fizi ziporomoke kabisa ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa nikiisoma njia ya kwanza usiku, huku njia ya pili ikitendeka mchana mbele ya macho yangu bila mimi kuiona.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu nadhani ndipo penye jambo linalotuhusu zaidi sisi tunaoishi na wazee majumbani. Katika mwaka wa pili wa ugonjwa wake mama alibadilika ndani ya siku chache. Alikataa chakula. Dada anayetusaidia nyumbani akimpelekea kijiko, alikipiga kwa mkono na uji ukamwagika. Usiku hakulala, alitembea kutoka chumbani hadi mlangoni akitaka kurudi kwao, kwa wazazi waliokufa miaka mingi iliyopita. Tulikaa kikao. Kaka yangu alisema ugonjwa umeingia hatua nyingine na tuombe dawa za kumtuliza. Shangazi, kwa upendo wote, alisema asomewe dua, na alisomewa. Mimi nilikubaliana na wote wawili. Ilipita wiki na nusu ndipo, nikimfuta uso jioni moja, kiganja changu kilipogusa shavu lake la kulia naye akalia kama mtoto. Ndani ya kinywa, pembeni mwa gego la chini, palikuwa na jipu la ukubwa wa punje ya hindi, na harufu ambayo tulikuwa tumeisikia siku zote hizo tukadhani ni ya mtu asiyekula.

Tulikodi bajaji hadi hospitali. Daktari wa meno, kijana mwenye subira ambaye alimsalimia “shikamoo mama” na kusubiri kuitikiwa kabla ya kumgusa, alilipasua jipu, akamwandikia dawa za kuua bakteria, akatueleza jambo ambalo lingepaswa kubandikwa katika kila nyumba yenye mzee: mtu mwenye demensia anasikia maumivu kama sisi, ila amepoteza njia ya kuyataja. Hatasema jino linaniuma. Atakataa kula, atavuta shavu, atatema, atakuwa mkali, ataacha kulala. Na maambukizi yoyote mwilini, ya kinywa au ya mkojo, yanaweza kumchanganya mzee ghafla ndani ya saa au siku chache, kiasi cha watu kudhani ubongo wenyewe ndio ulioanguka. Baada ya siku nne mama alikula wali na samaki aliyetolewa miiba. Kumbukumbu yake haikurudi hata kwa kipimo cha kibaba. Kilichorudi ni usingizi wake, na ule upole ambao tulikuwa tumeanza kuuzungumzia kama kitu kilichopita.

Nililia sana wiki hiyo, kwa sababu tulikuwa tumekaribia kumpa dawa za usingizi mtu aliyekuwa na jipu.

Hapa nchini habari za demensia zimeandikwa vizuri zaidi kuliko wengi wanavyojua. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wakazi 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 walikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na demensia. Kutokana na kazi ya huko kilitengenezwa kipimo kifupi kinachowafaa wazee ambao hawakusoma, ambamo badala ya kalamu na karatasi mzee hupewa njiti za kiberiti apange umbo kama alilooneshwa. Mama, aliyekuwa mwalimu, alipimwa kwa karatasi, lakini nilipoisoma habari ya njiti zile nilifurahi kwamba kuna mtu alifikiria mikono ya wazee wetu inajua nini. Sensa ya mwaka 2022 inaonesha kuwa watu wenye miaka 60 na zaidi ni karibu asilimia 6 ya Watanzania wote, na kila mwaka wanaongezeka. Hospitali nyingi sasa zina dirisha la wazee, na tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 wasio na uwezo wanapaswa kutibiwa bila malipo. Lakini katika kliniki ya presha na sukari, ambako mama alihudhuria kwa uaminifu miaka kumi na miwili, alipimwa mkono na kidole kila mara, na hakuna hata siku moja alipoambiwa afungue kinywa.

Na hilo la sukari lina uzito wake. Kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotolewa mwaka 2022 ulionesha kwamba kutibu fizi za wenye kisukari hushusha kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban nukta 0.4 za asilimia katika miezi mitatu hadi minne ya mwanzo. Kisukari kimo katika ile orodha ya mambo 14. Kwa hiyo hata asiyeamini habari za bakteria kupanda hadi ubongoni anayo njia nyingine, fupi na iliyo wazi, inayoanzia kwenye ufizi na kuishia kwenye akili, na sioni kwa nini kliniki za sukari zisiwe na kioo kidogo na tochi.

Baada ya jipu lile kazi ya kusafisha kinywa cha mama ilikuwa yetu, nayo ni kazi ngumu kuliko kumwogesha. Kinywa ni mahali pa faragha. Mwanzoni tulisimama mbele yake na mswaki kama watu wanaokuja kumdhuru, naye akafunga meno. Daktari alitufundisha kusimama kando yake, nyuma kidogo, mbele ya kioo. Kuweka mkono wetu juu ya mkono wake ili yeye ndiye awe anasugua. Kutumia mswaki laini wenye kichwa kidogo na dawa ya kiasi cha punje ya njegere. Kuelekeza nyuzi pale ufizi unapokutana na jino. Na kuchagua saa ambayo yu mtulivu, hata kama si asubuhi. Kwa mama saa hiyo ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Damu kidogo ikitoka, tusiache, kwa sababu ni ufizi uliovimba ndio unaotoa damu, na kuuacha ndiko kunakouvimbisha zaidi.

Hata hivyo ziko siku alizoukataa mswaki wa plastiki kabisa, akiutazama kama kitu cha mtu mwingine. Siku moja nikipita Kariakoo niliona mzee anauza miswaki ya mti, vijiti vile vilivyofungwa vitano vitano, nikanunua fungu moja. Nilimkatia mama gome la ncha nikampa. Hakuuliza kitu. Alikitafuna hadi nyuzi zikachambuka, akaanza kusugua jino moja moja kutoka juu kwenda chini, kama alivyofundishwa na bibi yake utotoni, na vidole vyake havikukosea. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza matumizi ya miswaki ya namna hii tangu mwaka 1986 mahali inapozoeleka, na ikitumiwa kwa utaratibu husafisha vizuri, ingawa upande wa ndani wa meno haufikiki kwa urahisi na ncha kali inaweza kuchubua ufizi. Kwa hiyo mchana anautumia wake wa mti, na jioni tunamalizia kwa mswaki laini sehemu za ndani.

Mwezi uliopita tulilazimika kuamua juu ya magego yake mawili ya chini yaliyokuwa yanacheza. Kaka alitaka yabaki, kwa hoja kwamba kila tunaposoma tunaambiwa kupoteza meno kunaambatana na kupoteza akili. Ni kweli kwamba uchambuzi wa mwaka 2021 uliohusisha watu wazima 34,074 ulikuta waliopoteza meno mengi wana hatari ya kudhoofika kiakili mara 1.48 ya wengine. Lakini uchambuzi huohuo haukuona ongezeko la maana kwa wale waliokuwa wamewekewa meno ya bandia. Na mwaka 2023 watafiti wa Japani waliowapiga picha za ubongo watu 172 kwa kupishana miaka minne walikuta jambo la kufikirisha: kwa wenye fizi nzuri kiasi, kuwa na meno machache kuliambatana na kusinyaa kwa haraka kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ilhali kwa wenye ugonjwa mkali wa fizi, kuwa na meno mengi ndiko kulikoambatana na kusinyaa huko. Jino lililozungukwa na usaha, basi, haliwi hazina kwa sababu tu bado limesimama.

Wahenga walisema meno ya pembe si dawa ya pengo, na kwa kutafuna sivyo hasa mambo yalivyo siku hizi. Magego yaling’olewa kwa ganzi, moja baada ya jingine, katika wiki mbili tofauti kwa sababu ya presha yake. Kaka ndiye aliyemshika mkono mara zote mbili. Sasa amepimiwa sahani ya meno ya bandia, na fundi wa maabara ametuahidi kuandika jina lake ndani ya plastiki, maana wazee wenye ugonjwa huu huyasahau meno yao kwenye vikombe, ndani ya kanga, chini ya mito. Usiku yatatolewa, yataoshwa na kulazwa katika maji safi ili fizi zipumzike. Miadi ya kukwanguliwa ukoga kwenye meno kumi na sita yaliyobaki ni baada ya miezi mitatu, na tarehe yake nimeiandika kwenye kalenda ya sebuleni, katika mstari uleule wa kliniki ya presha na sukari.